Maswali ya Bustani: Ua la Mbololo liachwe mwambani

*Shikamoo mama. Mimi ni Mtaita, naishi Voi. Mke wangu alinunua Nairobi kichungu cha maua ya zambarau, yale yenye majani ya manyoya yanayoitwa afrikan vayoleti. Mjomba alipoyaona akasema tumetupa pesa, kwani ua hilo ni letu na liko kwenye miamba ya msitu wa Mbololo, hapa kwetu vilima vya Taita. Anataka tupande mlimani na panga tukabandue machache ya barazani, na mengine tuuze. Maadamu madukani yamejaa, kuna ubaya gani? – Msomaji, Voi*

Marahaba, mwanangu. Mjomba wako ana jicho zuri, maana hayo maua mawili ni ndugu kweli. Lakini si ua moja, na hapo ndipo ubaya ulipo.

La kichungu asili yake ni huku kwetu Tanga. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani, alilikuta huku akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland, mkuu wa bustani ya Herrenhausen mjini Hannover, akalipa jina la kitaalamu kutokana na ukoo wa Saint Paul: Saintpaulia. Tangu hapo wakulima wa maua wamelichanganya na kulizalisha kwa zaidi ya miaka 100, ndiyo maana leo lipo kila duka.

La Mbololo ni jingine. Mtaalamu wa mimea B. L. Burtt alilitangaza mwaka 1958 likiwa Saintpaulia pia, na sasa vitabu vinaliita Streptocarpus teitensis. Porini halioti popote duniani ila huo mlima wenu. Hata Ngangao na Chawia, misitu ya Taita hiyo hiyo, halipo. Limeorodheshwa miongoni mwa mimea iliyo hatarini kabisa kutoweka. Kwa hiyo hata maduka yote ya Nairobi yakijaa vichungu, ua la Mbololo halipungukiwi hatari hata kidogo.

Nawe ukifika pale, inama utazame kabla ya kugusa kitu. Mizizi haikuzama popote. Imeshika kuvumvani, yaani vimea laini vinavyotanda kwenye mawe yenye unyevu, na kiganja cha mboji kilichonasa kwenye ufa wa jiwe, na majani yamelala yakiugusa mwamba. Panga likipita hapo linaondoka na kuvumvani yote, mwamba unabaki mtupu. Mbegu zake ni vumbi tupu. Zikikosa ule unyevu hazina pa kuotea. Unayemwondoa ni huyo mmoja pamoja na watoto ambao wangeota baada yake.

Tena hata usipolibandua, linauawa kwa jua. Linaishi chini ya miti mikubwa ya asili, kwa ukungu unaopanda kutoka baharini. Mti ukikatwa, mwanga ukapiga mwamba, kuvumvani inakauka na ua linafuata. Vilima vya Taita vimeshapoteza sehemu kubwa ya misitu yake ya asili, na penginepo imepandwa mikaratusi na misonobari. Mimi hilo linaniuma kuliko panga la mtu mmoja.

Sasa fikiria Voi ilivyo na joto. Ua lililozoea ukungu wa Mbololo litakufa barazani kwako, na hao utakaowauzia nao watakufiwa. Tena kuchimba mimea kwenye msitu wa serikali bila kibali ni kosa.

Kama ni biashara, anza na hicho kichungu cha mkeo. Kata jani lililokomaa pamoja na kikonyo chake, kikonyo kiwe sentimita mbili au tatu, ukikate mshazari. Kichomeke kwenye mchanga uliochanganywa na mboji iliyooza vizuri, ulowane bila kutota. Funika kwa chupa angavu ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini mahali penye mwanga. Baada ya wiki kadhaa vichipukizi vitatokea chini ya kikonyo. Vikishika nguvu vitenganishe, kila kimoja na kichungu chake. Jani moja laweza kukupa miche kadhaa.

Na mjomba asiachwe nje. Anayeijua miamba yenye maua anahitajika sana. Aende kwa wanakijiji wanaolinda msitu, awaonyeshe ni miti ipi inayoifunika miamba ile isiguswe, na awasaidie kuotesha miche ya miti ya asili.

*Mama, majani ya ua langu la aina hiyo yametoka mabaka meupe, lakini wadudu sioni. – Msomaji, Arusha*

Ni maji ya baridi, mwanangu. Manyoya ya jani yanashika tone, na baridi yake inaunguza jani. Mabaka hayatafutika, ila majani mapya yatatoka safi. Maji yaache ndani mpaka yazoee joto la nyumba, kisha yamimine kwenye kisahani chini ya kichungu. Baada ya nusu saa, yaliyobaki mwaga.