Kupima nguvu za mhusika anayejigeuza umbo: ushauri kwa waendesha mchezo wapya

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, mwendesha mchezo mpya, yaani yule anayesimulia hadithi na kuwachezesha maadui, anapokutana kwa mara ya kwanza na mhusika anayeweza kujigeuza mnyama, jambo analolitazama mwanzo ni makucha: mnyama huyu anapiga mara ngapi, na kila pigo linaumiza kiasi gani. Nami nilianza hivyo, na nilichelewa kutambua kwamba makucha si tatizo kubwa. Kinachovuruga uwiano ni mambo mawili yasiyoonekana haraka, yaani mwili wa pili unaovikwa juu ya ule wa kwanza, na vile vitu ambavyo mhusika anaruhusiwa kubaki navyo baada ya kugeuka.

Chukua kanuni za mchezo mmoja wa aina hiyo, Dungeons & Dragons, za mwaka 2014. Druidi (mchawi wa maumbile) wa Duara la Mwezi, yaani tawi la druidi lililobobea katika kujigeuza, anapofika kiwango cha 2 anaweza kujigeuza dubu wa kahawia mwenye alama 34 za uhai, na anaweza kufanya hivyo mara mbili kabla ya kuhitaji mapumziko mafupi. Alama za dubu zikiisha, druidi hafi, bali hurudi katika umbo lake akiwa na alama alizokuwa nazo, na ni yale madhara yaliyozidi tu yanayomfuata. Ikiwa yeye mwenyewe ana alama 17, adui anapaswa kumaliza alama 85 ndipo amwangushe, ilhali mpiganaji wa kiwango hicho hicho, ambaye kazi yake hasa ni kusimama mbele, huwa na takribani 20.

Katika kampeni (mfululizo wa vikao vya hadithi moja) ya kwanza niliyoiendesha kwa muda mrefu, niliiona tofauti hiyo usoni mwa mchezaji wa mpiganaji, aliyeniambia baada ya vikao vichache kwamba hajui tena yeye anafanya nini katika kundi. Nilijibu kwa kuongeza nguvu za maadui, na hapo nikaharibu zaidi, kwa sababu pigo lililomtikisa dubu lilimlaza mpiganaji mara moja. Dawa ilikuwa upande wa pili. Kinga ya dubu, yaani namba ambayo mshambuliaji anapaswa kuifikia ili ampate, ni 11 tu, na mpiganaji aliyevaa deraya ya minyororo na kushika ngao ana 18. Kwa hiyo maadui wengi walio dhaifu humpata dubu mara kwa mara na kumkosa mpiganaji, na kila mmoja wao anapata sababu ya kuwapo mezani. Ninakusihi ulikumbuke hili kabla hujafikiria kuongeza ukubwa wa jitu lolote.

Usikimbilie pia kupunguza uwezo huo kwa sababu ya kikao kimoja, maana nguvu za kugeuka hazipandi kwa mstari ulionyooka. Dubu anayetawala katika kiwango cha 2 huwa wa kawaida katika kiwango cha 5, pale mpiganaji anapopata shambulio la pili huku druidi bado akiwa amefungwa kwa wanyama wa daraja la ugumu (kipimo cha ukali wa mnyama) la 1 hadi afike kiwango cha 6. Kisha katika kiwango cha 20 anaruhusiwa kugeuka bila kikomo, na hapo hesabu yote ya uhai hupoteza maana.

Kuhusu vitu anavyobaki navyo, toleo la 3.5 la mchezo huo huo, la mwaka 2003, linafundisha vizuri kuliko mengine. Umbo la mnyama lilichukua nafasi ya nguvu za mwili za druidi huku akili na hekima yake zikibaki, hivyo mchezaji aliweza kuujenga mwili dhaifu kwa makusudi na kuweka alama zake zote nzuri kwenye hekima. Kilipoongezwa kipaji kimoja (uwezo wa ziada anaouchagua mchezaji) kilichomruhusu kutumia sihiri akiwa mnyama, umbo halikumgharimu chochote tena. Pathfinder ya mwaka 2009, mchezo mwingine wa aina hii, ilijibu kwa kumpa mhusika nyongeza juu ya mwili wake mwenyewe, ili aliye dhaifu awe mnyama dhaifu. Kanuni za Dungeons & Dragons zilizorekebishwa mwaka 2024 zilikwenda njia nyingine: druidi hubaki na uhai wake na kupewa alama za uhai za muda sawa na kiwango chake, au mara tatu yake akiwa wa Duara la Mwezi, ambazo ni 9 katika kiwango cha 3. Kwa maoni yangu hili ndilo suluhisho safi zaidi, kwa kuwa linamwachia mchezaji raha ya kuwa dubu bila kumpa maisha matatu.

Ile sihiri ya kumgeuza mwenzako inaonekana ya kutisha zaidi, kwani katika kanuni za 2014 mhusika wa kiwango cha 7 anaweza kufanywa sokwe mkubwa mwenye alama 157. Hata hivyo mimi huiachia ipite. Aliyegeuzwa hupata pia akili ya sokwe, na umbo lenyewe hutegemea umakini (kuishikilia sihiri bila kukatizwa) wa mchawi aliyesimama mahali pengine, ambaye akijeruhiwa huenda akaupoteza. Bei yake inaonekana na maadui wanaweza kuitafuta, nao wenzake wana kazi ya kumlinda.

Lolote utakaloamua kubadilisha, litaje kabla kampeni haijaanza. Mimi niliwahi kulibadilisha katikati, na mchezaji aliyekuwa amejenga mhusika wake juu ya kanuni ile alikuwa na haki ya kukasirika. Mwombe kila anayejigeuza aje na karatasi za wanyama ambao mhusika wake amewahi kuwaona, maana ndivyo kanuni za 2014 zinavyotaka, na aziandae mapema. Dakika kumi za kupekua takwimu za mnyama huku wengine wakingoja zamu zao nazo ni nguvu anayochukua mezani, na hakuna kete inayoirudisha.