Kibao cha Nicodemus: maelezo yake yathibitishwe vipi?

Swali: Ninaishi Kansas City. Hivi karibuni nilipita Kaunti ya Graham, kaskazini-magharibi mwa Kansas, na kando ya barabara kuu namba 24 nikasoma kibao cha kumbukumbu kuhusu Nicodemus, makazi yaliyoanzishwa mwaka 1877 na watu weusi waliotoka utumwani Kentucky. Je, mtu asiye mwanahistoria anaweza kuthibitisha habari hizo, na kujua familia ipi ilikaa wapi?

Jibu: Ndugu msomaji, anaweza, tena kwa gharama ndogo. Kwanza tazama kibao kimewekwa na nani na mwaka gani, kwa kuwa maelezo yake ni ya kizazi kilichokiandika, ambacho mara nyingi si kile kilichoshuhudia mambo yenyewe. Mahali kiliposimama pia pasikupoteze: vibao vya barabarani huwekwa penye nafasi ya kuegesha gari.

Ushahidi ulio bora, kwa maoni yangu, ni majalada ya ardhi. Sheria ya mwaka 1862 iliruhusu mkuu wa kaya, wakiwemo wajane, kudai ekari 160 za ardhi ya umma, akazimiliki baada ya kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Hati za umiliki zinatafutwa bila malipo katika tovuti ya idara ya serikali kuu ya Marekani inayosimamia ardhi ya umma, lakini jalada zima limo katika Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, nalo ndilo lenye utajiri, kwa sababu mdai alipaswa kueleza kwa kiapo, pamoja na majirani wawili waliomshuhudia, alifika lini, nyumba yake ina ukubwa gani, amechimba kisima au hapana, na amelima ekari ngapi. Mtu ambaye miaka michache kabla ya hapo sheria ilimhesabu kuwa mali ya mwingine anazungumza humo kama mmiliki, na sijapata kusoma jalada la namna hiyo bila kuguswa. Angalia tu kwamba tarehe ya hati si tarehe ya kufika: aliyefika 1877 na kutimiza masharti yote hupata hati yake katika miaka ya 1880.

Ili kupata mahali penyewe, soma maelezo ya kiwanja yaliyomo katika hati. Ardhi ya huko ilipimwa kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba ukagawanywa katika sehemu 36 za ekari 640, na robo ya sehemu moja ndiyo zile ekari 160. Kwa mauziano na urithi wa baadaye, nenda katika ofisi ya hati iliyopo Hill City, makao makuu ya kaunti, ukikumbuka kuwa kaunti hiyo ilipata serikali yake mwaka 1880 tu.

Sensa ya taifa ya 1880 itakusaidia, ila ile ya 1890 karibu yote ilipotea kutokana na moto wa Washington wa mwaka 1921. Kansas ina bahati, kwani jimbo lilifanya sensa zake lenyewe, na za 1885 na 1895 zinaziba pengo hilo vizuri.

Magazeti ya Nicodemus yenyewe, yaliyoanza 1886, yatakueleza jambo ambalo kibao kifupi hakiwezi kulibeba: matumaini ya kupata reli, na jinsi mwaka 1888 reli ilivyopita upande wa pili wa mto Solomon, wafanyabiashara wakahamia Bogue, mji wa jirani uliokuwa kando ya reli hiyo.

Ukishapata namba ya kiwanja, nenda Nicodemus mwishoni mwa Julai, wazawa wa familia hizo wanapokusanyika kila mwaka, ukiwa na ramani mkononi. Mzee anayeoneshwa robo mahususi ya ardhi hukumbuka mengi kuliko anayeulizwa habari za zamani kwa ujumla.