Choa kwa paka: mwenzio nilipoteza miezi minne nikifukuza mabaka

Dada wa Makorora ameuliza hivi: paka wake wa miezi 5 ananyonyoka manyoya masikioni na mguu wa mbele, mabaka ya mviringo yenye magamba kama pumba. Wiki hii mtoto wake wa darasa la pili katokwa na duara jekundu shingoni. Duka la dawa wamempa tyubu ya kupaka, jirani kamwambia paka atupwe. Anataka kujua apake mara ngapi na kwa siku ngapi.

Dada, yalinikuta hapa hapa Tanga, mtaa wa Ngamiani, tena kwenye nyumba yenye paka watatu na vyerehani viwili. Mmoja wao, Kibua, nilimwokota Deep Sea kwenye soko la samaki, masika yanakaribia, kapaka kenyewe mbavu zinahesabika. Baada ya kama wiki 2 nikaona ncha ya sikio imepukutika. Nikasema kapigana huyo. Baadaye likatokea la pili juu ya jicho, la tatu mguuni, manyoya ya pembeni yamekatika mafupi kama yamepitiwa na mkasi butu.

Kosa langu ni kwamba kila baka lililotokea nililipaka dawa. Likipona nafurahi, wiki ya pili linaibuka jingine mkiani. Miezi minne ikaisha namna hiyo. Kumbe baka ni pale tu ambapo manyoya yameshakatika ukayaona. Mbegu za fangasi ziko mwili mzima wa paka, na kila unywele unaodondoka unabeba zake mpaka kwenye kochi, kwenye mkeka, na kwangu mimi kwenye kiroba cha vipande vya vitambaa alichokifanya kitanda. Ndiyo maana swali la "nipake mara ngapi" mimi nalirudisha nyuma kidogo. Kwanza uwe na hakika kwamba ni choa, halafu umtibu paka mzima na nyumba pamoja naye.

Choa, watu wengine wanaita mashilingi, si mnyoo wala si uchafu. Ni fangasi, na kwa paka mara nyingi sana ni mmoja anayeitwa Microsporum canis. Anapenda paka wadogo, wale waliodhoofu, na wenye manyoya marefu. Mara nyingi hawashi sana. Hilo lishike, kwa sababu kuna ukurutu wa paka unaoletwa na vidudu vya ngozi, nao pia huanzia masikioni na kushuka usoni, ila ule unawasha mpaka paka anajichana damu, na ukoko wake ni mnene, wa kijivu. Viroboto nao hunyonyoa manyoya, zaidi mgongoni karibu na mkia. Matibabu yake ni tofauti kabisa, na ukikosea unampa sumu bure.

Sasa nicheke kidogo kwa gharama yangu. Nilisoma kwamba choa hung'aa kwenye taa maalumu, nikaenda kwa kijana wa miamala ya simu nikaazima taa yake ya kukagulia noti. Usiku nikazima umeme, nikammulika Kibua. Aling'aa kama nyota! Nikapiga kelele nyumba nzima wakaamka. Asubuhi naangalia vizuri: nyuzi. Nyuzi nyeupe za cherehani na vumbi la kitambaa, vyote hung'aa bluu-nyeupe chini ya taa ile. Hata sabuni na mafuta ya kupaka yanaweza kung'aa.

Taa ya daktari wa mifugo ni ya namna nyingine, na anachotafuta si ngozi wala magamba, ni shina la unywele lenyewe ling'ae kijani. Kijani chake ni kama cha zile tasbihi zinazowaka gizani, huwezi kukisahau ukishakiona. Hata hivyo isipong'aa hujaokoka, maana si kila choa hung'aa. Kipimo cha uhakika zaidi ni kuotesha fangasi mwenyewe: unachukua mswaki mpya, unampiga paka mswaki mwili mzima dakika 2 au 3, unapelekwa maabara, na majibu yanaweza kuchukua wiki 2 hadi 3. Nilipopimisha wote watatu ndipo nilipochoka. Bi Shuka, paka jike mtu mzima mwenye manyoya marefu, hana hata alama moja, naye alikuwa amebeba. Kila nikimponya Kibua, yule anamrudishia. Kwa hiyo, dada, kama una paka wawili, wapimwe wote wawili, hata huyo anayependeza.

Tuje kwenye dawa. Nitaanza na zile za kutopaka, kwa sababu hapo ndipo nilipokaribia kumzika Kibua. Yale mafuta ya Whitfield tunayopewa sisi watu kwa fangasi yana asidi ya salisiliki, ndugu yake aspirini. Mwili wa paka hauwezi kuiondoa kama wetu, na paka chochote ulichompaka atakilamba. Kibua alitoka udenda na kugoma kula siku 2. Mafuta ya taa, oili chafu ya gari, mafuta ya mti wa chai wa Australia (tea tree) wanayoyasifia mitandaoni, na ile dawa ya kuoshea vidonda inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia maji, vyote viache mbali na paka. Usithubutu dawa ya kuogeshea mifugo. Permethrini anaogeshwa mbuzi akaondoka anarukaruka. Paka anatetemeka na kufa.

Iliyotuponya sisi ilikuwa ya namna mbili kwa pamoja. Ya nje ni shampuu yenye mikonazoli na kloreksidini, mara 2 kwa wiki, povu linakaa dakika 10 ndipo unasuuza. Dakika 10 za kumshika paka mwenye povu ni ndefu kuliko mkesha wa maulidi, jifunge kanga mbili na vaa glovu. Ya ndani ni itrakonazoli kwa mdomo, wiki moja anapewa, wiki moja anapumzika, mpaka mizunguko mitatu. Kipimo kinachotumika ni miligramu 5 kwa kila kilo ya paka kwa siku. Kibua wakati huo alikuwa na kilo 2 na nusu, kwa hiyo miligramu 12 na nusu. Kapsuli ya watu ni miligramu 100. Umeona mwenyewe kwa nini hii si kazi ya kukadiria kwa kisu jikoni? Akugawie daktari.

Kuna vidonge vya griseofulvini, rahisi kupatikana, na mtu atakushauri hivyo tu. Vinatibu kweli, lakini kwa paka vinaweza kuharibu uboho na kuangusha chembe za damu, na paka mwenye mimba hapewi kabisa maana vinalemaza vitoto. Na ketokonazoli paka wengi haiwakai tumboni.

Sitakuficha, paka mwenye afya anaweza kupona choa mwenyewe baada ya miezi kadhaa. Lakini miezi hiyo yote anapukutisha mbegu ndani, na wewe una mtoto.

Nyumba ndiyo iliyonitoa jasho. Mbegu hizi zinaweza kukaa mwaka na zaidi kwenye unywele uliodondoka nyuma ya kabati. Kwa hiyo jirani anayesema mtupe paka, mwambie ukimtupa umebaki na ugonjwa sebuleni na umepeleka mwingine kwa paka wa watu. Niliacha fagio la chelewa, linarusha vumbi tu. Kila siku nilifuta kwa kitambaa chenye maji, manyoya yote nikayafunga kwenye mfuko na kuyatupa. Kuondoa manyoya ni muhimu kuliko jiki. Jiki haisaidii juu ya uchafu: osha kwanza na sabuni, suuza, ndipo upitishe jiki iliyochanganywa, kama kikombe kikubwa cha chai (mililita 300) kwa ndoo ya lita 10, iache sakafu imelowa dakika 10. Madirisha wazi, paka nje ya chumba mpaka pakauke, na usiichanganye na dawa nyingine ya choo. Nguo na mashuka tulifua mara mbili mbili. Kiroba cha vitambaa na mkeka wa ukindu nilivichoma moto, mkeka ule ulinitoa machozi, ulikuwa wa Pangani.

Paka wagonjwa niliwaweka chumba kimoja chenye sakafu ya sementi. Usimfungie tu ukamsusa lakini. Kapaka ka miezi 5 kakikosa mtu kanakua na woga. Kaa naye, kisha nawa na ubadilishe nguo.

Kuacha dawa usiamue kwa macho. Manyoya ya Kibua yalirudi yote, na mswaki wake ukaotesha tena. Tuliendelea mpaka kipimo kikatoka safi.

Kuhusu mwanao: duara la shingoni kwa kawaida huondoka kwa krimu ya klotrimazoli, mara 2 kwa siku, na usiache siku lilipofifia, endelea wiki nyingine au mbili. Ila soma ile tyubu uliyopewa. Kama imechanganywa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho, wekundu utapoa haraka na fangasi atatambaa chini kwa chini, akija kuonekana hata umbo la duara hana tena. Mwangalie na kichwani. Kama yako mapunye, krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele, anahitaji dawa ya kumeza kutoka kituo cha afya. Halafu usimsingizie paka kila kitu: mapunye mengi ya watoto wetu wanaambukizana wenyewe, kwa vitana, kofia za madrasa na mashine ya kinyozi.

Mtoto mpeleke kesho asubuhi. Paka anaweza kungoja siku 2, ila kabla hujamwona daktari usimwogeshe na usimpake kitu, taa isije ikaona mafuta badala ya choa. Na mpime uzito: mtie kwenye kikapu, nenda kwa muuza mchele unayeelewana naye.