Geuza Karatasi Kwanza: Kutafuta Kasoro za Uchapaji kwenye Plastiki ya Lentikula

Ukipita Nasser Road hapa Kampala utakuta kila kitu kinachapishwa: kalenda, vitabu vya risiti, mabango ya wagombea, kadi za harusi. Picha zile zinazobadilika ukiinamisha kadi mkononi bado ni chache, na sababu yake naijua. Plastiki yake, iitwayo lentikula, ina safu za lenzi nyembamba upande mmoja; picha mbili hukatwa mistari myembamba na kupangwa kwa zamu nyuma ya lenzi hizo, na kila lenzi huonyesha moja kulingana na unakotazama. Ni ghali, na fundi akishaharibu karatasi kumi huapa hataigusa tena. Mimi nusura niape. Nayaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu wakati ule ningemshukuru sana mtu ambaye angenieleza kwa lugha ninayofanyia kazi kutwa.

Kazi ilikuwa kadi 200 za kwanjula, sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa bibi harusi. Bibi harusi amevaa gomesi ya zambarau, lile vazi refu la heshima la wanawake wa Uganda; ukiinamisha kadi, anatokea na gauni jeupe. Nilinunua karatasi za lenzi 60 kwa inchi, nikachapisha kwa wino wa UV, unaokaushwa kwa mwanga, moja kwa moja kwenye mgongo ulio laini. Karatasi ya kwanza ikatoka na mawimbi mawili mapana: upande mmoja gomesi, kando yake gauni, kisha gomesi tena, kisha gauni. Nikasafisha vichwa vya printa mara tatu. Wino ukapotea, mawimbi yakabaki palepale.

Ndipo nilipojifunza kugeuza karatasi. Chapisha jaribio bila kupiga wino mweupe wa nyuma, maana ukishaupiga hutaona kitu. Ilaze juu ya karatasi nyeupe, mgongo ukiwa juu, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Kasoro ikionekana pale, printa ndiyo mwenye kosa. Mgongo ukiwa safi na kasoro ikaonekana upande wa lenzi tu, basi mistari ya picha na mistari ya lenzi hazikubaliani. Njia ya haraka zaidi ni kusogeza kichwa chako. Mawimbi yakihama pamoja na macho yako, tatizo ni kipimo cha lenzi. Mstari ukigandia mahali pamoja, kakague nozeli (tundu za kutolea wino) zilizoziba na hatua za printa za kusogeza karatasi.

Mgongo wangu ulikuwa safi kabisa. Kosa lilikuwa kuamini maandishi ya paketi.

Paketi ilisema 60, nami nikaipa programu ya kupanga mistari ya picha 60.00. Karatasi ile, ikitazamwa kwa umbali wa mkono, ilitaka 59.87. Tofauti ya 0.13 unaweza kuipuuza, lakini inajikusanya kila inchi: kwenye karatasi ya inchi 16 inafika lenzi mbili, na hayo ndiyo mawimbi yangu mawili. Kipimo hicho hubadilika kutoka shehena moja hadi nyingine, hata kama muuzaji ni yuleyule.

Kukipata ni rahisi. Chapisha vipande vya mistari myeusi na myeupe, kila kipande kwa kipimo chake: 59.80, 59.85, 59.90 na kuendelea. Weka lenzi juu, zisimame sambamba na mistari. Funga jicho moja, usimame umbali atakaosimama mtazamaji. Kipande kinachogeuka cheusi chote kwa mpigo mmoja, kisha cheupe chote, ukingo hadi ukingo, ndicho chako. Ukishakijua, rudia kwa hatua za 0.01. Usipimie karibu kazi ya kutazamwa kwa mbali, kwa kuwa kadiri mtu anavyosogea nyuma ndivyo namba inavyopanda kidogo.

Mawimbi yakija kwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, usiguse namba. Karatasi imekaa upande. Mimi huchapisha mstari mwembamba pembeni: ukianza kwenye lenzi moja na kuishia kwenye lenzi nyingine, naisogeza karatasi.

Kadi zilipotulia, mzuka ukajitokeza: mkono wa gauni jeupe ukichungulia ndani ya gomesi. Hapo nilikuwa na makosa mawili. La kwanza, kwenye sampuli nilisimamisha lenzi wima. Lenzi za wima hulipatia kila jicho picha yake, na ndiyo maana zinafaa picha za kina (3D). Kwa picha mbili za kubadilishana, lenzi zilale, ili macho yote mawili yaone kitu kimoja. La pili, nyeupe juu ya zambarau iliyokoza haifichiki kabisa hata lenzi zikilala. Nikapunguza weupe wa gauni, nikaing'arisha gomesi kidogo, nikaweka uso na mandhari ya nyuma mahali pamoja katika picha zote mbili. Mama wa bibi harusi aliitazama sampuli ya pili akaacha kusema chochote kuhusu mkono.

Picha ikiwa na ukungu, hesabu nukta. Printa ya nukta 720 kwa inchi kwenye lenzi 60 inatoa nukta 12 kwa kila lenzi. Ukiingiza picha 24 humo, unaitaka ichape kisichowezekana. Zima pia uchapaji wa kwenda na kurudi. Uende upande mmoja tu, hata kama kazi itachelewa.

Vumbi letu jekundu ni adui wa kweli. Ukibandua utando wa plastiki unaolinda karatasi ya lenzi, umeme tuli huvuta kila chembe iliyomo chumbani, na kila chembe huacha tundu jeupe kwenye picha. Bandua dakika ya mwisho, futa kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, shika kingo tu. Mafuta ya vidole pia hufanya wino ubanduke wakati wa kukata. Kabla ya kumkabidhi mteja, bandika tepu juu ya wino uliolala usiku mmoja, uivute kwa nguvu.

Wanaochapisha kwenye karatasi ya kawaida kisha kuigandisha kwenye lenzi wajihadhari na mvua za Machi hadi Mei. Karatasi hunyonya unyevu na kutanuka, na namba uliyoipata Februari haikufai tena.

Paketi niliyoifungua leo nimeiandika kwa kalamu ya wino mzito: mkononi 59.87, ukutani 59.94.