Kusoma kompyuta wakati huu wa akili mnemba: jibu langu kwa kijana wa Mbagala

Mdogo wangu, nimelisoma swali lako mara mbili. Umemaliza kidato cha sita kwa EGM (uchumi, jiografia na hisabati), umepata nafasi ya sayansi ya kompyuta hapa hapa Dar, na mjomba wako ambaye ndiye atakulipia ada anakwambia uachane nayo ukasome uhasibu, kwa kuwa siku hizi akili mnemba inaandika programu yenyewe. Halafu ukauliza kama utafiti wa kompyuta mtu wa hapa anauweza au ni mambo ya vyuo vya Ulaya. Nakujibu kwa niliyoyapitia mwenyewe, kwa hiyo itakuwa ndefu kidogo.

Kwanza mjomba usimdharau. Hofu yake nimekua nayo nyumbani. Mama yangu alikuwa mpiga chapa kwenye ofisi moja mjini, maeneo ya Posta. Walikuwa sita, kila mmoja na taipureta yake. Kompyuta zilipoingia mwishoni mwa miaka ya 90, haikupita miaka mitatu wakabaki wawili. Mama alikuwa mmojawapo, na si kwamba alikuwa na vidole vyepesi kuliko wenzake. Mwenye vidole vyepesi kuliko wote aliondoka wa kwanza. Mama alibaki kwa sababu alikuwa anayajua majalada. Ikitafutwa barua ya kiwanja cha fulani, yeye anajua imo jalada gani huko masijala, nani aliichukua mara ya mwisho, na kwa nini kuna barua mbili za tarehe moja zinazopingana. Hayo hayakuwamo kwenye kompyuta mpaka yeye alipokaa akayaingiza.

Hata nchi yenyewe iliwahi kusitasita. Wizara ya Fedha ilikuwa na kompyuta tangu 1965, lakini mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuziingiza nchini. Hazikuacha kuja. Zilikuja baadaye, zikatukuta wachache tunaozijua.

Sasa tuseme ukweli. Kazi nilizoanzia mimi mwaka 2008, tovuti ya duka la Kariakoo, fomu ya kujaza, ripoti ya mauzo ya mwezi, leo mtu mwenye simu na bando anaziomba kwa akili mnemba na anazipata kabla chai haijapoa. Mimi mwenyewe naitumia kila siku. Ukienda chuo ukakariri lugha za programu ukitegemea hizo ndizo zitakazokupa mshahara, mjomba atakuwa amesema kweli. Ila na uhasibu wa kujumlisha vocha uko kwenye mstari huo huo, umwambie hivyo kwa heshima.

Ngoja nikueleze kilichonifundisha hii kazi.

Mwaka 2014 nilikuwa kwenye mradi wa taarifa za afya. Zahanati zetu zinajaza kwa mkono vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kumbukumbu za huduma za afya. Mwisho wa mwezi muuguzi anajumlisha, fomu inapanda wilayani, na huko inaingizwa kwenye mfumo unaoitwa DHIS2. Mfumo huo ulizaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, Chuo Kikuu cha Oslo kikaukuza, na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wamekuwa wakishiriki kuujenga na kuutafiti kwa miaka mingi. Kazi yangu ilikuwa kukagua namba zinazoingia.

Zahanati moja huko huko kwenu Mbagala ikaonyesha imechanja watoto kwa asilimia 130. Yaani imechanja watoto wengi kuliko waliopo. Mkubwa wangu wa kazi akasema, "Huyo muuguzi anapika takwimu. Safisha, weka mia." Sijui kilichonizuia, labda ni mama na majalada yake. Kesho yake nikapanda daladala nikaenda.

Sista wa pale alikuwa na foleni ya akina mama mpaka nje. Nilisubiri hadi saa nane mchana. Kisha akanifungulia kitabu, akanionyesha ukurasa baada ya ukurasa. Majina yapo, namba za kadi zipo, tarehe zipo. Na kwenye safu ya mahali mama anakotoka: Vikindu, Vikindu, Mkuranga, Vikindu. Akina mama wa upande wa pili wa mpaka wa mkoa walikuwa wanakuja Mbagala kuuza na kununua bidhaa, zahanati iko karibu na kituo cha daladala, basi wanamaliza na kliniki hapo hapo. Sisi huku tulikuwa tunagawanya waliochanjwa kwa idadi ya watoto wa eneo lile tu, tena idadi ya kukadiria kutoka kwenye sensa ya 2012. Hakuna aliyepika kitu. Sista alikuwa anachanja watoto wa mikoa miwili, na chanjo anaombewa za mkoa mmoja. Aliniambia kuna wiki anawarudisha watu nyumbani kwa kuwa zimeisha.

Ningeweka mia kama nilivyoambiwa, zingeendelea kuisha.

Hiyo safu ya mahali anakotoka mama haikuwahi kuingia kwenye kompyuta. Fomu ya mwezi inataka jumla tu. Kwa hiyo hata leo ukiipa akili mnemba zile namba, itakwambia alichosema mkubwa wangu: haiwezekani, kuna kosa. Jibu lilikuwa kwenye kitabu, mezani kwa mtu, na ilibidi mtu apande daladala akalisome. Kama kuna jambo moja nataka ulichukue kwangu ni hilo. Anayejua taarifa imetoka wapi, nani kaiandika na akiwa na foleni ya urefu gani, huyo bado anatafutwa na ataendelea kutafutwa.

Na utafiti mwingi wa sasa uko hapo hapo. Mfano ulio karibu na wewe: mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Penn State cha Marekani wakishirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo, walichapisha kazi ya kuifundisha kompyuta kutambua magonjwa ya muhogo kwa picha ya jani. Picha zilikuwa 2,756 na zilipigwa kwenye mashamba ya majaribio nje ya Bagamoyo. Ndiyo, Bagamoyo hii. Matokeo yalikuwa mazuri sana kwa picha zile. Walipoihamishia kwenye simu na kuijaribu kwenye mazingira halisi ufanisi ukashuka, na majani ambayo dalili zake ni changa yakawa ndiyo magumu zaidi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa aplikesheni ya Nuru, ambayo mkulima anaweza kuitumia bila intaneti. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na nchi ikakaa karibu bila mtandao, tulionja kidogo maana ya kitu kinachofanya kazi bila intaneti.

Sasa jiulize: nani anafaa kutafuta kwa nini kompyuta inashindwa kulitambua jani changa la muhogo, kama si mtu anayeweza kufika shambani asubuhi na kurudi jioni?

Mfano mwingine ni lugha yetu. Kuna umoja wa watafiti wa Kiafrika unaoitwa Masakhane. Mwaka 2021 walitoa mkusanyiko wa matini za habari kwa lugha 10 za Kiafrika, Kiswahili kikiwemo, watu wamekaa wakaweka alama neno kwa neno: hili ni jina la mtu, hili ni la mahali, hili ni la taasisi. Inaonekana kazi ndogo. Lakini fikiria kompyuta inasoma "ajali imetokea Rangi Tatu". Au "Magomeni Mapipa", "Tabata Dampo", "Kimara Mwisho". Yote hayo ni majina ya mahali hapa Dar. Nimeona tafsiri za mashine zikigeuza Kimara Mwisho kuwa mwisho wa Kimara. Wewe wa Mbagala huwezi kukosea hapo hata ukiwa usingizini, na ujuzi huo ambao hukuulipia ada ndio watafiti wanauhangaikia. Kila mwaka kuna mkutano mkubwa wa bara zima, Deep Learning Indaba, ulioanzia Johannesburg mwaka 2017, na wanafunzi wanapeleka kazi zao. Usingoje shahada ya tatu.

Kuna jambo jingine sikutaka kuliandika, ila ukiingia kwenye fani hii litakukuta. Mwaka 2021 kampuni moja ndogo ilinipa kazi ya mkataba, aplikesheni ya kukopesha kwa simu. Kwenye maelekezo kulikuwa na kipengele kwamba isome majina na namba zote zilizomo kwenye simu ya mkopaji. Nikauliza za nini, nikajibiwa ni za kuthibitisha kuwa mtu ni wa kweli. Nilikuwa nadaiwa ada za watoto. Nikaandika.

Miezi mitatu baadaye ukaingia ujumbe kwenye simu yangu, kwamba fulani ni tapeli, mwambie alipe deni lake. Jina lilikuwa la mwenzangu wa kikoba, anauza vitenge Tandika. Ujumbe huo huo ulikwenda kwa mchungaji wake, kwa mkwe wake, kwa wateja wake. Alikuwa amekopa elfu hamsini. Sikuhitaji kuuliza namba zetu wamezitoa wapi. Nilimfuata nikamweleza kwamba ile sehemu niliiandika mimi. Alikunja kitenge alichokuwa ameshika, akakikunjua, akakikunja tena, ndipo akaniuliza, "Sasa mama Asha, wakati unaandika hukuona kwamba kuna watu?"

Tangu siku hiyo nikipewa maelekezo nauliza "za nini" mara ya pili, na jibu lisiponiingia akilini naacha hela. Sheria nayo imekuja: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ni ya mwaka 2022 na ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Novemba 2024 Benki Kuu ikatoa orodha ya aplikesheni za mikopo zisizo na leseni. Taasisi zinazokusanya taarifa za watu zinatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo zinahitaji watu wanaoelewa kompyuta na wanaoisoma sheria pia. Watu hao ni wachache. Ni ajira ambayo mjomba hajaisikia.

Sasa ya chuo. Ukisoma CoICT, ile ndaki ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Kijitonyama, DIT au IFM, sioni tofauti kubwa kama tofauti itakayoletwa na wewe mwenyewe. Hesabu na takwimu zikamate kwelikweli. EGM yako imekupa msingi, na jiografia usiitupe, ramani za kompyuta zina kazi nyingi mji huu unaojaa maji kila masika. Jifunze kanzidata (database) mpaka uzielewe ndani. Programu andika kwa mkono wako mwaka wa kwanza wote kabla ya kuomba msaada wa akili mnemba, maana usipojua kusoma ilichoandika hutajua imekudanganya wapi. Laptopu iliyotumika inatosha, ila nenda Kariakoo na mtu anayezijua. Na jifunze kuandika ripoti ya kurasa mbili inayoeleweka, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Nimekaa kwenye usaili wa vijana wengi, hapo ndipo wengi wanapokwama.

Ajira si rahisi, sitakudanganya. Wako wahitimu ninaowafahamu waliokaa mwaka mzima mtaani. Waliopata kazi mapema wengi walikuwa na kitu kimoja walichokwenda kukifanyia kazi wenyewe mahali fulani: sokoni, hospitali, kituo cha mabasi, ofisi ya kata.

Kwa hiyo fildi (mafunzo ya vitendo) ya mwaka wa kwanza usikimbilie ofisi yenye kiyoyozi. Ukipangiwa au ukipata zahanati, hata ya huko huko Mbagala, andika hapa nikueleze uanze na kitabu gani, na umwombe sista akae nawe saa ngapi, akishamaliza foleni.