Tuisheni ya programu: maswali yenu

Swali: Huwa nawasaidia wanaojifunza Python, lugha ya kuandikia programu. Kuna kijana haishi kuuliza. Nikimwambia atafute mwalimu wa kumlipa, nitakuwa nimemfukuza?

Jibu: Inategemea umemwambia lini. Akiuliza kwa nini programu inagoma anapojumlisha umri na 1, mjibu palepale: input(), amri inayopokea anachoandika mtumiaji, hurudisha maandishi hata mtu akiandika tarakimu, kwa hiyo ayageuze kwanza kuwa namba kwa int(). Kumtajia ada kwa swali kama hilo ni ukatili, na huenda asithubutu kuuliza tena.

Lakini kesho akija na kitanzi (mistari inayojirudia) kisichokoma, keshokutwa na funksheni (kipande cha programu chenye jina) inayorudisha None, yaani tupu, kwa kuwa hakuandika return, neno la kutoa jibu, tatizo si mstari ule tena. Msingi ndio wenye nyufa, nawe unaziba mmoja mmoja. Mjibu hata hapo, kisha umweleze kwa upole kwamba anahitaji mtu wa kukaa naye na kumfuatilia anavyofikiri hatua kwa hatua. Wewe unaona tu alichokwisha kuandika. Utaratibu huo naushikilia: jibu litangulie, ushauri ufuate.

Swali: Mwalimu huyo anaweza kuwa mimi? Nafundisha kwa malipo.

Jibu: Anaweza, mradi useme wazi. Stack Overflow, tovuti ya maswali na majibu ya programu, inamtaka anayetaja bidhaa au huduma yake aseme kuwa ni yake. Mimi naongeza: mtajie na mwalimu mwingine ambaye hufaidiki naye. Na usitoe nusu ya jibu ili nusu iliyobaki ailipie; huko ni kumtega mtu aliyekuja na shida.

Swali: Je, nimlipe mtu anifanyie kazi ya chuo?

Jibu: Hapana. Mlipe akueleze usipoelewa, kazi uiandike mwenyewe.

Swali: Nimeambiwa nitafute tuisheni, na pesa sina.

Jibu: Pole, na usiache. Kozi ya CS50, ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, ya Chuo Kikuu cha Harvard, inayofundishwa na David Malan, inasomwa bure mtandaoni pamoja na mazoezi yake. freeCodeCamp, tovuti ya kujifunza programu iliyoanzishwa 2014, haitozi ada. Exercism, tovuti ya mazoezi ya programu, ina walimu wa kujitolea wanaosoma msimbo wako (mistari ya programu uliyoandika) na kukuandikia maoni. Kwako wewe ningeanzia hapo. Ukikwama, uliza tena: weka kipande kifupi cha msimbo kinachoonyesha tatizo, nakili ujumbe wote wa kosa, useme ulitarajia nini. Swali likija hivyo, hata mwenye haraka hulijibu.