Wewe wa Nakuru, usiweke mradi wako kwa hiyo grupu ya "nipe maksi nikupe"

Usiweke. Hata nusu ukurasa usiweke, hata kichwa cha mradi usiandike huko. Umeuliza kama ni salama kuweka mradi wa mwisho wa kozi ya mtandaoni, ile wanafunzi mnasahihishana wenyewe, kwa grupu ya Telegram ya kubadilishana maksi. Nakujibu haraka kwa sababu naona dedilaini yako ni wiki hii.

Mimi niko Kisumu na niliweka. Admini wetu, tapeli mwenye adabu sana, alikuwa anatuita "familia". Akasema kila mtu aangushe PDF yake mapema ndio familia isome, wewe unampa mwenzako maksi zote, naye anakupa zote, hakuna anayeanguka. Mradi wangu ulikuwa wa kukausha omena kwa jua pale Dunga, nimezunguka na akina mama wa samaki nikiuliza bei mpaka mmoja akaniambia kijana nunua ama utoke kwa kivuli. Nikaangusha PDF, nikasema wacha nilale, kesho narekebisha Kiingereza natuma. Kumbe kwa familia kuna mmoja hakulala. Akatoa Dunga akaweka Mombasa, akaandika jina lake, akatuma kabla yangu. Na omena akaiacha! Omena Mombasa, jameni! Lakini msahihishaji ako huko Peru ama India, atajuaje omena ni ya ziwa? Yeye aliona kazi mbili pacha na yangu ndio imekuja nyuma, basi mwizi ni mimi.

Wawili wakanipa sifuri na komenti za kunifunza uaminifu. Wa tatu akanipa kumi juu ya kumi, huyo nashuku ni familia.

Sasa shika hii, kwa sababu admini hakutuambia na sidhani hata alikuwa anaijua, kazi yake ilikuwa kukusanya pesa za kiingilio. Kozi nyingi za hivi hazijumlishi maksi halafu zigawanye, zinachukua ile ya katikati. Panga 0, 0, 10: ya katikati ni 0. Kumi ya rafiki imeenda na maji. Hata kama hakungekuwa na mwizi, ukipata 3, 4 na 10 ya rafiki, unabaki na 4 yako. Ilitengenezwa hivyo makusudi ndio mtu mmoja mwenye huruma ama mwenye roho mbaya asikuamulie. Yaani tulilipa kiingilio tununue maksi ambayo mashine inairuka!

Na hiyo ya kubonyeza maksi zote bila kusoma, waliiwaza kitambo. Darasa la Scott Klemmer, wakati huo mwalimu wa Stanford, moja ya yale ya kwanza kwa Coursera, tovuti ya kozi za mtandaoni, mwaka 2012, mwanafunzi alianza kwa kusahihisha kazi ambazo walimu washazipima, waone kama anakaribiana nao, na hata baadaye kati ya anazopewa kuna moja ambayo maksi yake wanaijua. Maksi kutoka darasa hilo zilichambuliwa kwa utafiti wa 2013, zaidi ya 63,000 ambazo wanafunzi walipeana. Wewe na Telegram yako unataka kuwashinda hao?

Utasema utalalamika. Kwa nani? Mnasahihishana kwa sababu mko maelfu, mwalimu akianza kusoma zote Ziwa Victoria litakauka kabla amalize. Mimi niliandika mpaka nikachoka, mwishowe nikatafuta mradi mpya kabisa na nikangoja awamu nyingine. Dunga sikurudi, wale mama wangenikimbiza.

Kazi yako haitoki mkononi mwako mpaka maksi zitoke, basi. Ukitaka macho mengine tafuta mtu ambaye hayuko kwa hiyo kozi, hata dadako, mpe rubriki, ile orodha ya vipengele vya kusahihishia, aweke kidole kwa kila kipengele akuonyeshe umekijibu wapi. Asipokipata, wa Peru pia hatakipata.

Na kama ushaangusha tayari, ingia saa hii ufute kwa wote, usingoje asubuhi. Halafu nitumie linki ya hiyo grupu inboksi, nataka kuona kama admini bado anaita watu familia.